Mchezo wa Lango na Migomba ya Mama

Sifa na shukrani ni kwa Mungu, ambaye alipotaka kumuumba mtu alianza na mahali. Alitenga maji, akaikausha nchi, akaotesha majani na miti, ndipo akamleta mtu na kumwambia akae hapo. Hakumuumba kwanza na kumwacha asubiri hewani mpaka fundi alete bustani. Ninamshukuru pia kwa pumzi, kwa meno yangu manne yaliyobaki, na kwa goti la kulia, ambalo bado linakubali kupigwa kanisani ingawa kulinyanyua ni shughuli ya watu wawili.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha lugha na historia, lakini watu wenye mvi wa Bukoba na Muleba wananikumbuka kwa michezo ya jukwaani. Wengine wananikumbuka kwa mchezo mmoja tu, na wanaanza kucheka kabla hawajanisalimu. Ninyi walimu vijana mnaoongoza vikundi vya michezo mashuleni mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Nitaandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu yangu haitembei kwa mstari. Mtanivumilia.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa mwalimu. Alikuwa Ta Laurian, yaani Mzee Laurian, seremala wa misheni, ambaye mapadre wa zamani walimtumia kujenga pango la Noeli kila mwaka. Alikuwa na tabia ya kutafuna buni zilizochemshwa akiwa anafikiri. Ukimwuliza swali, alitafuna mpaka buni iishe ndipo akajibu. Swali likiwa gumu, alitia ya pili.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Nikaweka jukwaa wachezaji wakitazama magharibi, saa kumi na moja ya jioni, kiangazi. Kila aliyetoka kusema mzaha alitoka amekunja uso, machozi yakimtiririka kwa jua. Wazazi wakaanza kunong'ona, "Pole zao, watoto hawa." Mama mmoja akauliza nani amefariki.

Nilipomlalamikia Ta Laurian, alimaliza buni yake. "Mwalimu, umejenga kilio, halafu unashangaa hawacheki."

"Lakini maneno yalikuwa ya kuchekesha."

"Watu hawaamini maneno. Wanaamini mahali. Ukisimama mbele ya mkungu wa ndizi ukasema una njaa, watakuuliza una ugonjwa gani wa tumbo."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikaona nimeelewa. Vijana wangu, kuandika na kuelewa ni ndugu wa mbali.

Ta Laurian ndiye aliyenionyesha kwamba magunia ya kahawa yakishonwa pamoja, yakapakwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ukiyatazama kwa hatua kumi ni ukuta wa mawe. Kwa hatua tano ni magunia, kwa hiyo mgeni rasmi asikae karibu. Kwa damu tulitumia wino mwekundu wa kusahihishia madaftari, na kwa hiyo wanafunzi wangu wengi waliogopa kidonda cha jukwaani kuliko cha kweli. Radi ni bati moja na mtu mmoja mwenye hasira. Taji la mfalme tulikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, upande wenye maandishi ukiwa ndani. Lakini mfalme akitoka jasho taji hulegea na kupinduka. Nimeshaona mfalme akihukumu watu wake huku paji lake la uso likitangaza mafuta ya kupikia.

Sasa nije kwenye mchezo ule.

Kitabu chake nilikikuta chini kabisa ya sanduku la maktaba, miaka ile baada ya Uhuru shule za misheni zilipokwisha kuchukuliwa na serikali na vitu kuhamishwa chumba hadi chumba. Mchwa walikuwa wamekula jalada, jina la mchezo, jina la mtungaji na nusu ya dibaji. Walichobakiza kilikuwa huzuni tupu, na nadhani ndiyo sababu walikibakiza. Sisi tuliuita Mchezo wa Lango.

Ni habari ya kale sana, ya ng'ambo. Kuna mji wenye ukuta mrefu na lango moja. Maadui wako karibu. Mfalme anaapa mbele ya watu wake kwamba jua likizama lango litafungwa, na halitafunguliwa kwa yeyote mpaka jua lichomoze. Watu wanamshangilia. Jioni ile ile mwanawe wa pekee anarudi kutoka vitani, amejeruhiwa, na anafika jua likiwa limezama punde tu. Anagonga. Baba anaijua sauti. Watu wote wanamtazama baba. Hafungui. Asubuhi lango linafunguliwa, na kijana amelala hapo, amekwisha.

Ndiyo yote. Hakuna mchawi ndani yake, hakuna shetani, wala mtu mbaya. Kuna ukuta, lango na kiapo. Nilikaa barazani miezi mitatu nikitafsiri, na kila nilipofika kwenye kugonga nilisimama kidogo nikasali kwa ajili ya wote walioapa haraka.

Kila mchezo ulipaswa kupitishwa na afisa wa utamaduni. Jina lake nalificha kwa upendo. Tulimwita Bwana Utamaduni. Alitoka mkoa mwingine, alikuwa mchapakazi wa kweli, na mfukoni alichomeka kalamu tatu.

"Mwalimu Novatus," akaniambia, "mfalme ni mabaki ya ukabaila. Tumeshawaondoa hao. Mbadilishe awe mwenyekiti wa kijiji."

"Sawa, Bwana. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji atamwacha mwanawe afe nje ya lango?"

Akafikiri. "Hapana. Mwenyekiti hawezi kufanya hivyo. Mfanye katibu."

"Katibu anaweza?"

Akageuka kutazama nyuma yake, maana yeye mwenyewe alikuwa katibu wa kamati tatu. "Basi abaki mfalme. Lakini awe mfalme mbaya."

"Si mbaya, Bwana. Ndiyo huzuni yenyewe."

"Na huyu kijana, ni lazima afe?"

"Anakufa tangu kabla ya Kristo, Bwana."

Akashusha pumzi, akachomoa kalamu ya katikati. "Haya. Lakini afe kwa manufaa ya umma."

Akapiga muhuri.

Tulipangiwa kuucheza kwa mara ya kwanza kijijini Buganguzi, mbele ya wageni kutoka wilayani. Mama yangu, Ma Paskazia, akaomba lifti kwenye lori letu, kwa sababu mdogo wake ameolewa huko. Nikafurahi. Alikuwa hajawahi kuona kazi yangu.

Lori likatuchelewesha njiani. Tulipofika, kamati ya kijiji ilikuwa imeshatuandalia jukwaa, na ninyi mnaijua desturi yetu. Mgeni wa heshima hapokelewi mahali patupu. Walikuwa wamekata migomba mizima, mingine na mikungu yake, wakaisimika kuzunguka jukwaa lote, imesongamana na imependeza. Chini wakatandaza majani mabichi kama kwenye nyumba ya harusi. Sisi tukashusha ukuta wetu wa magunia. Mwenyekiti wa kamati akaushika kwa vidole viwili, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu Mwalimu, hili gunia litaficha migomba yetu. Na wageni watafikiri tumewaleta ghalani."

Likakunjwa likawekwa kando. Lango peke yake ndilo lililoruhusiwa kusimama, kwa kuwa lilikuwa la mbao na lina misumari ya kung'aa. Likasimama katikati ya migomba kama mgeni aliyekosea mji.

Ta Laurian akatia buni ya pili. "Mwalimu, hapa hapana ukuta."

"Watu wamejitolea tangu alfajiri, Ta Laurian. Niwakataze? Watazamaji wataukisia huo ukuta."

"Watakisia wasichokiona? Wanachokiona ni kibanja cha migomba."

Sikumsikiliza. Adabu ilinishinda, na huo ndio udhaifu wa watu waliolelewa vizuri.

Mambo yalikwenda sawa mpaka kwenye kugonga. Anatoli, kijana wetu hodari, akatokea akichechemea, chupa nzima ya wino ubavuni. Akaanguka langoni, akagonga. "Baba, nifungulie! Jua limezama sasa hivi tu, ardhi bado ina joto lake!" Ndani ya lango akasimama Sospeter, aliyecheza mfalme, kijana mwenye mabega na sauti ya ng'ombe dume. Hakujibu. Uwanja wote ukanyamaza. Nikasema moyoni, Ee Mungu, nimefika.

Mama yangu akasimama kwenye mstari wa mbele.

"Mwanangu, pita nyuma! Pita kwenye migomba!"

Uwanja ukapasuka.

"Ndiyo! Hapo kushoto, penye mkungu!"

"Mbwa amepita hapo sasa hivi, kwani wewe umemzidi nini?"

"Waitu mfalme, geuza shingo tu, mwanao huyo hapo pembeni!"

Anatoli, Mungu ambariki, alikuwa na nidhamu. Aliendelea kufa. Mama mmoja akamwonea huruma, akamletea maji kwenye kibuyu, na alimfikia kwa kupitia migomba. Mfalme alipoona hivyo alijizuia mpaka mashavu yakavimba, kisha akacheka kicheko cha kuangusha nchi, na taji likapinduka.

Wageni walipoondoka, Bwana Utamaduni alinivuta kando. "Mwalimu, nimehudhuria misiba mingi. Sijapata kuona watu wakitoka msibani wakiuliza utarudiwa lini."

"Nisamehe, Bwana."

"Sikukuu ya wakulima mtaucheza tena, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani. Wakicheka pale pa kulia, nitaandika uhamishwe. Na sitaandika mahali pa karibu."

Hapo, vijana wangu, ndipo nami nilipoacha kucheka. Ndugu zangu wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa na mimi tu. Nyumba yetu ilikuwa Rwamishenye, pale Bukoba, na kaburi la baba liko ndani ya kibanja, hatua ishirini kutoka mlangoni. Mama alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba haondoki alipolala mumewe. Miguu yake ilianza kukataa, na mimi ndiye niliyemchotea maji kisimani kabla ya kwenda darasani. Kuhamishwa kwangu kulikuwa kumwacha peke yake na ndoo.

Ndani ya lori, wakati wa kurudi, nikamwuliza kwa upole wote nilioweza. "Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Mtoto anakufa mbele yangu, na njia naiona. Ulitaka ninyamaze?"

"Ulikuwa mchezo, Mama."

"Kufa kulikuwa mchezo. Njia haikuwa mchezo."

Ta Laurian, aliyekuwa ameketi juu ya ukuta wetu uliokunjwa, akacheka mpaka buni ikamtoka. Kesho yake akaniambia, "Huyo mama ni mtazamaji bora kuliko wote uliowahi kuwa nao. Mchezo wa huzuni ni debe la maji, Mwalimu. Tundu moja likipatikana, huzuni yote inavuja, hata maneno yawe matamu namna gani. Mama yako amekuonyesha tundu."

Nikakaa nikawaza. Ni kweli. Sisi watu wa vibanja hatujui kufungiwa. Nyumba zetu zimezama ndani ya migomba, na migomba imejaa vijia vinavyokwenda kwa shangazi, kwa jirani, kisimani, kanisani. Shemeji mkorofi akija mbele, wewe unatoka nyuma. Mhaya hakimbii, anapita tu upande wa pili. Utamlizaje mtu wa namna hiyo kwa lango? Wale wa kale walikuwa na jiwe na nchi kavu, na huzuni yao ilijengwa kwa jiwe na nchi kavu. Mimi niliichukua huzuni hiyo nikaipanda kwenye kivuli, ikaota mikungu.

Nilianza kuomba magunia kila kona ili nijenge ukuta usiopenyeka. Nikapata sitini. Lakini aliyenitatulia shida alikuwa Bwana Utamaduni mwenyewe, bila kujua. Alikuja na habari njema, kalamu zote tatu ziking'aa.

"Sikukuu haifanyiki Muleba mjini. Itafanyika kwenye kijiji kipya!"

Kijiji hicho kilikuwa mbele ya Muleba, upande wa kwenda Biharamulo, juu ya rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ambao wazee wetu waliuachia ng'ombe na upepo. Nyumba zilijengwa kwa mistari minne iliyonyooka kama meno ya kitana. Watu walitoka kwenye vibanja vya sehemu mbalimbali. Wengine walitaka, na wengine walisaidiwa kutaka. Nasema haya bila uchungu. Nia ya shule, zahanati na maji kwa wote ilikuwa nia njema, na mimi niliiombea. Lakini waliopima mistari ile walipima kwa kamba, na kamba haina mama.

Tulikwenda kupakagua, mimi na Ta Laurian. Bwana Utamaduni akatusimamisha mwanzo wa mstari. "Tazama, Mwalimu. Ukisimama hapa unaona kila nyumba na kila mlango. Hakuna anayeweza kujificha!"

"Naona, Bwana," nikasema.

Ta Laurian alitazama kushoto, akatazama kulia, akageuka akatazama nyasi. Akatia buni ya tatu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kwa magunia tutaziba nafasi za nyumba na nyumba tu," akasema. "Lango tutalisimamisha hapo katikati ya mstari wa mbele. Ukuta tumeukuta umeshajengwa."

Bwana Utamaduni akafurahi sana, kwa kuwa nyumba zake zingeonekana vizuri.

Siku ya sikukuu watazamaji waliketi upande wa nje, nyasi nyuma yao, nyumba mbele yao. Safari hii hakuna aliyetandaza majani wala kusimika mgomba. Akina mama wa kijiji walitoka asubuhi kutafuta angalau mmoja kwa heshima ya mgeni, wakarudi mikono mitupu na aibu usoni. Mama yangu alikuwepo. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe atahamishwa watu wakicheka, akaapa kukaa na leso mdomoni.

Upepo wa rweya ulivuma mchana kutwa. Anatoli alitokea nyuma ya watazamaji, akawapitia katikati akichechemea, nao wakamwachia njia kama wanavyoachia jeneza. Akafika langoni. Akagonga. Nilikuwa nimemfundisha apaze sauti, lakini mahali pale hapakuhitaji. "Baba, nifungulie. Jua limezama sasa hivi tu. Ardhi bado ina joto lake."

Sospeter alisimama juu ya meza nyuma ya lango, akanyamaza.

Mimi nilikuwa nyuma ya gunia, nikimchungulia mama. Nikamwona anasimama. Leso ilikuwa mkononi, haikuwa mdomoni. Akatazama kushoto, nyumba na nyumba. Akatazama kulia, nyumba na nyumba. Akageuka taratibu akautazama uwanda wote mpaka unapokutana na mbingu. Kisha akasema, si kwa kelele, ila upepo ukaibeba sauti yake:

"Kweli huyu hana pa kupita."

Akaketi.

Mzee mmoja wa kijiji kile, aliyekuwa ameegemea fimbo, akajibu bila kumtazama, "Hata sisi."

Basi. Kilio kilianza kwa mwanamke mmoja, kikaenda mstari hadi mstari. Akina mama wakaweka mikono kichwani. Wanaume wakavua kofia. Najua hawakuwa wakimlilia Anatoli. Walilia vibanja vyao, vijia vyao, makaburi ya watu wao. Sospeter naye akalia juu ya meza mpaka mabega yakatikisika, na kwa kuwa mfalme hana maneno katika sehemu ile, hakuharibu kitu.

"Wanalia!" Bwana Utamaduni alinishika mkono kwa furaha. "Mwalimu, wanalia!" Akatazama tena, akawasikiliza vizuri. Akaniachia mkono.

Mchezo ulipokwisha hakuna aliyeondoka. Kwetu mtu haondoki msibani haraka, atasemwa. Waliketi chini. Mmoja akaleta kuni. Wazee watatu wakapanga foleni kumpa Sospeter pole ya kufiwa na mwanawe, na mwanawe alikuwa amesimama pembeni yake akinywa uji.

Mgeni rasmi, mtu mzima wa huku huku kwetu, alikuwa na hotuba iliyopigwa chapa. Nilikuwa nimeiona: ilianza kwa kuwashukuru wananchi kwa nyuso zao za furaha. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akafuta miwani. Akaniita.

"Mwalimu, mahali hapa alipachagua nani?"

Bwana Utamaduni alisimama nyuma yake. Zile kalamu tatu zilikuwa zinatetemeka mfukoni. Nilikumbuka tisho lake la Buganguzi, nikamkumbuka mama na ndoo, na ulimi wangu ulikuwa na jina la afisa huyo tayari. Lakini nilikuwa nimepokea Komunyo asubuhi ile, na nilikuwa nimetoka kuonyesha watu kijana aliyeachwa nje ya lango.

"Mheshimiwa," nikasema, "mahali tulipakuta. Sisi tulileta lango tu."

Akaitazama mistari ya nyumba. "Ndiyo," akasema. "Hilo naliona." Akaingia kwenye gari.

Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye aya mbili. Aya ya kwanza ilielekeza kwamba, kuanzia tarehe ile, michezo yote ya huzuni ichezwe mahali penye migomba ya kutosha. Aya ya pili ilisema Mwalimu Novatus ahamie shule ya kijiji kipya, akawachangamshe wananchi kwa michezo ya furaha.

Watu hawakucheka, na bado nilihamishwa. Bwana Utamaduni ndiye aliyeileta barua, kwa miguu. "Mwalimu, sikuiandika mimi," akaniambia, na nilimwamini, kwa sababu naye alikuwa amehamishiwa idara ya takwimu.

Nilimkuta mama anamenya ndizi. Nikapiga magoti nikamsomea. Alimaliza kumenya ile iliyokuwa mkononi, akaiweka ndani ya maji, akaomba jembe. Akaenda kwenye kaburi la baba, akachimba machipukizi matatu ya migomba, akayafunga kwa majani makavu.

"Haya yamekula udongo wa baba yako. Chukua."

"Mama, kule ni rweya. Hakuna kinachoota."

"Niliona mwenyewe kwamba kule hakuna pa kupita. Basi papande."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuja yakizaa. Kwa sasa mtoto wa jirani atanichotea maji, nimeshaongea na mama yake. Ulifikiri ninangoja wewe upange?"

Nilipanda basi la Muleba nikiwa na sanduku moja na machipukizi matatu mapajani, na kondakta akaniuliza kama yana tiketi.

Sikilizeni namna ya kupanda mgomba penye rweya, maana hili nalo ni sehemu ya kazi yangu. Chimba shimo linalokufika gotini, ulijaze samadi, uliache lipumue wiki tatu. Ukishapanda, usiache ardhi uchi hata siku moja. Tandaza nyasi, na zikioza ongeza nyingine. Nyasi tulikuwa nazo nyingi, na samadi wachunga ng'ombe walitupa bure, wakicheka. Niliyapanda nyuma ya darasa. Chipukizi moja lilikufa. Mawili yalishika. Yule mzee wa fimbo akaja kuyatazama kila jioni kana kwamba anatembelea wagonjwa. Yalipotoa watoto, akaomba mmoja apande nyuma ya nyumba yake. Halafu jirani yake akaomba. Michezo ya furaha tuliicheza, kama barua ilivyoagiza, na ilikuwa mibaya sana. Lakini mpaka leo naamini hakuna mandhari bora niliyowahi kuijenga kuliko ile ya nyuma ya darasa.

Mkungu wa kwanza ulipokomaa nilituma habari Rwamishenye. Mama akatuma jibu kwamba anakuja Jumamosi. Nikapanga shule nzima mbele, kwenye barabara, watoto katika mistari miwili iliyonyooka, na wimbo. Ndiyo, mistari. Mtu huambukizwa. Basi likaja, likashusha gunia la chumvi na kuku wawili, likaondoka. Mama hakushuka. Watoto wakanitazama. Nikaanza kuhesabu moyoni maradhi yote ya miguu ninayoyajua.

Nyuma yetu, upande wa darasa, ikasikika hodi.

Alikuwa amesimama chini ya migomba, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika jani kama mtu anayeshika pazia. Alikuwa amemwambia dereva amshushe kabla ya kituo, akazunguka kwa miguu yake ile mibovu. Migomba yenyewe ilikuwa kumi na miwili tu, mtu mnene angeonekana pande zote.

"Mama! Tunakungoja huku mbele!"

"Nimewaona. Nilitaka kujua kama inapitika." Akafuta jasho, akaugusa mkungu kwa kiganja. "Inapitika."

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akuandalie mahali kabla hajakuletea mtihani. Akupe macho ya kuona tundu kwenye kazi yako, na mtu wa kukuambia bila kuona haya. Na siku utakapogonga lango lisifunguke, akukumbushe kutazama nyuma, huenda kuna aliyekutangulia akakupandia migomba. Amina.